Duka la kunukuu mahojiano Mtwara mjini: tathmini ya mtafiti wa vita na amani

Kwenye kibao cha duka hili pameandikwa fotokopi, picha za pasipoti, laminesheni na kuchapa barua. Huduma ninayotaka kuizungumzia haimo kwenye kibao. Ukipita nyuma ya mashine ya fotokopi kuna chumba kidogo chenye meza tatu, na watu watatu wamevaa hedifoni, wanasikiliza sauti za watu na kuziandika neno kwa neno. Ni unukuzi wa mahojiano, kwa Kiswahili na Kimakonde. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kwenye utafiti wa vita na amani, nimelipia huduma ya namna hii Dar es Salaam, Kigoma na Nairobi, na sijaona inakofanywa kwa uangalifu kama hapa Mtwara.

Mama mwenye duka ameniomba nisitaje jina lake wala la duka. Sababu yake naiheshimu. Sauti anazoletewa zina siri za watu, na hataki mtu aliyehojiwa huko kijijini aje kujua, au jirani yake ajue, kwamba maneno yake yamepita kwenye kompyuta fulani ya mtu fulani. Kwa hiyo nitasema tu kwamba kutoka Soko Kuu unafika kwa miguu, na kwamba wahadhiri na watu wa mashirika waliopo mjini wanalifahamu. Ukiuliza kwa adabu utaelekezwa.

Nianze na kazi ninayoipeleka pale, maana anayetaka kunukuliwa hotuba ya harusi hatapima kwa kipimo changu. Mimi ni mtafiti wa sayansi ya siasa. Nachunguza usalama wa kimataifa, na ndani yake hasa kile kipindi ambacho bunduki zimenyamaza na watu wanatakiwa waanze kuwa taifa. Askari anarudije kuwa mkulima? Polisi aliyekuwa adui wa mtaa anarudije kuulinda mtaa uleule? Nani anapewa kiti mezani na nani anaambiwa asubiri? Na kwa nini nchi moja inasimama wakati jirani yake inarudi vitani?

Nilianza na Burundi. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000, ambao Mwalimu Nyerere aliusuluhisha mpaka alipofariki Oktoba 1999 na Mzee Mandela akaukamilisha, uliweka kwamba katika jeshi jipya hakuna kabila litakalozidi nusu. Sentensi hiyo unaisoma kwa pumzi moja. Ilimaanisha nini kwa mwanamume aliyekimbia 1972 akazeekea kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu au Mishamo hapa Tanzania, hilo hulisomi popote. Inabidi ukae naye, umsikilize. Baadaye nikaenda kwenye suala la Kongo. Mwaka 2013 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2098, liliunda brigedi yenye ruhusa ya kushambulia vikundi vya waasi, ikiwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza akawa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Nilihoji askari waliorudi kutoka huko. Desemba 2017, kambi ya Semuliki iliposhambuliwa, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa, na tangu hapo mahojiano ya namna hiyo yakawa mazito mno kuyabeba kichwani tu. Ndipo nilipoanza kusisitiza kwamba kila neno liandikwe.

Sasa niko kwenye suala la Msumbiji, na Msumbiji ndiyo iliyonileta kusini.

Vijana wengi wanaijua Msumbiji ya habari za leo tu, kwa hiyo niseme kidogo. Vita ya Frelimo, chama kilichokuwa serikalini, na waasi wa Renamo iliisha kwa mkataba uliosainiwa Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Siku chache kabla ya hapo, mwishoni mwa Septemba, Angola walikuwa wamepiga kura majeshi ya pande mbili yakiwa bado hayajavunjwa. Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, akayakataa matokeo na vita ikarudi. Umoja wa Mataifa ulijifunza hapo hapo. Msumbiji uchaguzi ukasogezwa mpaka Oktoba 1994, kwanza wakarudishwa uraiani askari zaidi ya 76,000 wa pande zote mbili, wakalipwa posho iliyotandazwa kwa miezi 24 ili mtu asirudi porini kwa njaa. Wakimbizi wapatao milioni 1.7 walirejea makwao. Kwa miaka mingi wasomi wa fani yangu tuliitaja Msumbiji kama mfano wa kazi iliyofanikiwa. Lakini mwaka 2013 Renamo na serikali walirudi kupigana, mkataba mwingine ukasainiwa Agosti 2019, na kambi ya mwisho ya Renamo ilifungwa Juni 2023, zaidi ya miaka 30 tangu Roma. Katikati ya hayo, tarehe 5 Oktoba 2017, mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa na kundi lisilohusiana na Renamo hata kidogo, na Cabo Delgado, jimbo la kaskazini kabisa mwa Msumbiji, ikaingia kwenye vita nyingine. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma, mto wa mpakani, wakashambulia Kitaya, hapa hapa mkoani kwetu.

Swali langu ni namna watu wa kingo zote mbili za Ruvuma wanavyoielewa serikali: lini waliiona kuwa ni yao, na lini waliacha kuiona hivyo. Swali hilo halijibiwi kwa takwimu. Linajibiwa na wazee wa Newala na Nanyumbu, na akina mama wenye ndugu ng'ambo, na vijana wa pwani wenye hasira zao, kila mtu kwa lugha yake na kwa mwendo wake. Nikitoka huko narudi na saa nyingi za sauti, na hapo ndipo huduma ya unukuzi inapokuwa mguu mmoja wa utafiti. Mnukuzi akikosea, mimi nikichambua hata kwa akili zote za Mlimani, nachambua kitu ambacho hakikusemwa.

Miaka ya nyuma nilikuwa napeleka rekodi kwa kampuni moja Dar es Salaam. Walikuwa wepesi, na karatasi zao zilikuwa safi mno. Usafi huo ndio uliokuwa ugonjwa. Waliondoa marudio, waliondoa vituo, waliondoa kila "eeh" na kila "sijui niseme vipi", wakanyoosha sentensi zikawa kama za gazeti. Mama mmoja alisema, "Walikuja usiku wakachukua mahindi." Karatasi ya Dar ikaja imeandikwa, "Waasi walikuja usiku." Kwenye sauti hakuna waasi. Katika kijiji kilichopitiwa na vita, waliokuja usiku wanaweza kuwa waasi, wanajeshi wa serikali, mgambo au vijana wa kijiji cha pili, na mara nyingi msemaji haweki jina kwa makusudi, kwa sababu aliyebeba yale mahindi bado ni jirani yake na wanateka maji kisima kimoja. Ukimwekea jina ambalo yeye hakuliweka, umeharibu ushahidi, na pengine umemhatarisha.

Hapa Mtwara sentensi za namna hiyo zinabaki kama zilivyosemwa. Pembeni, kwa herufi ndogo, mnukuzi anaandika alichosikia: "hakutaja nani; sauti imeshuka". Basi. Hafasiri, haongezi, hamsaidii msemaji.

Mama mwenye duka aliipata nidhamu hiyo mahakamani. Kabla ya kustaafu alikuwa mpiga chapa, anachapa mienendo ya kesi kutoka kwenye mwandiko wa mahakimu, na anasema huko ukibadilisha neno moja la shahidi unaweza kumfunga mtu asiye na hatia. Wasaidizi wake ni wawili. Mmoja ni binti wa dada yake, msomi wa chuo kikuu, anayeshughulikia Kiswahili na ana sikio la ajabu kwa Kiswahili cha pwani yetu, hata msemaji akiwa hana meno na jogoo anawika dirishani. Wa pili ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka uwanda wa Makonde, ambaye wote wanamwita Babu, na mimi pia namwita hivyo. Babu ndiye sababu kubwa ya mimi kuandika haya yote.

Nionyeshe ukurasa mmoja, bila kutaja kijiji. Ni mahojiano na bibi mmoja anayekaa karibu na Ruvuma. Tulizungumza Kimakonde kwa msaada wa mkalimani. Upande wa kushoto Babu ameweka namba za mistari, halafu herufi za wasemaji, halafu Kimakonde chenyewe, na upande wa kulia tafsiri ya Kiswahili. Katikati ya ukurasa bibi anaulizwa kuhusu mtoto wake wa kiume. Babu ameandika: "kimya, sekunde 11". Mstari unaofuata bibi anamwambia mjukuu wake aende akachote maji. Babu ameandika: "mlango, hatua za mtoto zinatoka". Ndipo bibi anaendelea kusema. Kurasa tatu mbele jambo hilohilo linajirudia: swali kuhusu mtoto wa kiume, kimya, mjukuu anatumwa dukani. Na tena mara nyingine karibu na mwisho.

Mnukuzi wa kawaida angeyaruka hayo yote, kwa sababu kumtuma mtoto maji si sehemu ya mahojiano. Kwangu ni sehemu kubwa. Maneno ya bibi yanasema kijana wake alichukuliwa. Vituo vyake, na yule mtoto anayetolewa nje kila jina la kijana linapotajwa, vinasema kuna habari nyingine ambayo mjukuu hatakiwi kuijua, na mtafiti hana haki ya kuchagua moja kabla hajaziona zote mbili mezani. Kuna wasomi wameandika sura nzima kuhusu namna vijana wanavyoingia kwenye vikundi vya silaha, kama ni kwa kutekwa au kwa hiari. Ukurasa ule wa Babu unaonyesha kwamba familia yenyewe inaweza kuwa inaishi na majibu mawili kwa wakati mmoja.

Ujuzi wa pili wa Babu ni wa historia, na huu haununuliki. Wazee wa kusini wakisimulia hawataji tarehe. Watasema "mwaka ule alipouawa Mondlane", au "Samora alipokuwa bado yuko Nachingwea", yaani Samora Machel wa Frelimo. Babu haingizi tarehe ndani ya maneno ya mzee. Anaiandika pembeni: 1969. Ni kweli, Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi. Na hapa niseme jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawalijui: Mondlane alikuwa msomi wa masuala ya jamii mwenye shahada ya uzamivu, aliwahi kufanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha chuo kikuu cha Syracuse huko Marekani, kabla ya kuchaguliwa kuiongoza Frelimo ilipoundwa Dar es Salaam Juni 1962. Msomi wa fani iliyo jirani na yangu aliacha darasa akaja kujenga taifa akiwa kwenye ardhi yetu. Napenda kulitaja hilo kila ninapopata nafasi.

Kisa cha Farm 17 kinatosha kuonyesha tofauti. Mzee mmoja kwenye rekodi zangu anaitaja tena na tena. Kutoka kwa wale wa Dar ilirudi imeandikwa "famu sebuleni", na maelezo yote ya mzee yakapoteza maana. Babu aliandika "Farm 17", na pembeni akaweka maelezo mafupi: kambi ya mafunzo ya Frelimo, Nachingwea, kwenye mashamba yaliyoachwa na mpango wa karanga wa Waingereza. Mpango ule ulianza 1947 na kufa 1951, ndio uliotuletea bandari hii ya Mtwara na reli iliyong'olewa baadaye, na mashamba yake yakaja kufundishia wapigania uhuru. Babu anayajua hayo kwa sababu alikuwa kijana wakati huo, na kwa sababu upande wa mama yake ni watu wa Mueda, huko Msumbiji. Ndiyo maana pia Kimakonde cha ng'ambo, chenye maneno mengi ya Kireno, hakimsumbui. Mzungumzaji akisema "tropa" anajua ni askari, na anaacha neno lilivyo.

Vijiji vyetu vimejaa historia ya namna hiyo. Rutamba, kule Lindi, walipokelewa wakimbizi wa Msumbiji tangu miaka ya 1960. Filipe Nyusi, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, ni mzaliwa wa Mueda na alisoma shule ya Frelimo huko Tunduru. Ujenzi wa taifa la Msumbiji ulianzia huku kabla haujaandikwa kwenye ripoti yoyote, na waliouona kwa macho wanazidi kupungua. Kila rekodi inayonukuliwa vibaya leo haitapata mtu wa kuisahihisha kesho. Ninaposema nataka unukuzi mzuri, uchungu wangu uko hapo.

Kuhusu siri. Ukifika mara ya kwanza mama hapokei sauti yako mpaka umwonyeshe kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua ya Katibu Tawala. Watafiti wengine wamekasirika kwa hilo. Mimi nilifurahi. Hapokei sauti kwa WhatsApp wala kwa barua pepe. Unaleta flashi mwenyewe, mkononi. Kompyuta za chumba cha nyuma hazijaunganishwa na intaneti kabisa. Jina la faili linabadilishwa mbele yako kuwa namba, na daftari lenye majina halisi unabaki nalo wewe. Mkishakabidhiana kazi anakupa siku 30 za kuikagua, kisha mnafuta pamoja na unasaini. Kwenye droo ana nakala ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ile iliyoanza kutumika Mei 2023, na amepigia mistari vifungu vinavyomhusu.

Kitu kimoja kidogo kilinithibitishia zaidi ya sheria yote. Karatasi zilizoharibika kwenye chumba kile huchomwa uani kila Ijumaa, na mama husimama mpaka moto uzime. Sote tumewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye karatasi za mitihani ya watoto au fomu za benki zenye saini ya mtu. Maneno ya wale mabibi wa Ruvuma hayatafungiwa karanga, nina hakika hiyo.

Sasa kasoro, maana zipo na anayetaka kuwatumia azijue. Kubwa kuliko zote ni muda. Saa moja ya Kimakonde, pamoja na tafsiri, inamchukua Babu siku mbili au tatu, na Babu ni mmoja. Ukiwa na mradi wenye saa nyingi na tarehe ya ripoti imekaribia, utateseka. Msimu wa korosho ukifika hali inakuwa mbaya zaidi: Oktoba mpaka Desemba Babu anakwenda kushughulikia mikorosho yake, mbele dukani kunajaa wakulima na watu wa vyama vya msingi wanaotoa nakala, na chumba cha nyuma kinabaki na mtu mmoja. Nilishamwambia mama atafute kijana wa kukaa na Babu ajifunze. Anasema wanaokuja wanataka kulipwa kwa ukurasa, na anayelipwa kwa ukurasa huanza kukimbia. Sababu ni nzuri, lakini tatizo linabaki palepale.

Kimakua kwao ni dhaifu, na Kiyao hawapokei kabisa. Anayefanya kazi Masasi au Nanyumbu, ambako Wamakua ni wengi, alijue hilo mapema. Tafsiri ya Kiingereza wanayo, ila nashauri usiichukue. Inasomeka, lakini ule umakini wote wa Kiswahili unapotea humo. Fanya tafsiri hiyo mwenyewe. Pia hawaweki dakika na sekunde pembeni ya kila msemaji mpaka uwaombe, na ukisahau kuomba utahangaika kutafuta mahali pa kusikiliza upya. Chumba kina joto kali. Feni ni moja, na umeme ukikatika wanatumia laptopu mpaka chaji iishe, basi. Jenereta iko, inaendesha mashine ya fotokopi tu. Mama ameniambia wazi kwamba fotokopi ndiyo inayolipa kodi ya pango.

Hapo ndipo bei inapoingia. Saa moja ya sauti ya Kiswahili ni shilingi 45,000, na Kimakonde pamoja na tafsiri ni 80,000. Ukilinganisha na kazi yenyewe ni bei ya chini mno, na mimi huongeza. Nimekaa kwenye vikao vya kupanga bajeti za miradi ya kimataifa ya amani, najua fedha zinavyogawanywa. Tiketi za ndege zinatengewa fedha, hoteli zinatengewa fedha, mshauri wa kutoka nje analipwa kwa siku, na unukuzi unawekwa mstari wa mwisho pamoja na karatasi na kalamu. Séverine Autesserre, msomi wa sayansi ya siasa aliyefanya utafiti wa miaka mingi mashariki ya Kongo, ameonyesha kwamba walinda amani na wataalamu wa kimataifa walishindwa huko kwa kiasi kikubwa kwa sababu walitazama migogoro ya mataifa na makao makuu, wakaiacha ile midogo ya ardhi, ya uchifu na ya kijiji kwa kijiji, na wengi wao hawakuweza hata kuongea na wenyeji kwa lugha zao. Nakubaliana naye kabisa. Lakini tukikubali hoja hiyo lazima tuikubali mpaka kwenye malipo. Anayeweza kusikia ugomvi wa kijiji na kijiji ndani ya sentensi ya bibi wa Kimakonde ni Babu, na Babu analipwa chini ya dereva wa mradi.

Kwenye maandishi yangu yanayofuata nitawashukuru wote watatu kwa kazi yao, bila majina kama walivyoomba, na kwenye maombi ya fedha ninayoandika sasa nimewaweka kama washiriki wa utafiti, wenye posho ya mwezi. Wenzangu wa vyuo vingine nawasihi wafanye hivyo.

Jambo moja zaidi kuhusu namna wanavyokupokea. Wanauliza maswali. Kabla Babu hajaanza kusikiliza atataka kujua mahojiano yalifanyika nje au ndani, nani mwingine alikuwepo, mkalimani ni mtu wa ukoo gani. Mwanzoni unaweza kuona anakuchelewesha. Jibu yote. Mkalimani akiwa mjomba wa anayehojiwa, Babu atalisikia kwenye sauti na ataliandika, kwa sababu kuna mambo ambayo anayehojiwa hayasemi mbele ya mjomba wake. Binti naye akikutana na jina la mahali asilolijua hakisii. Anaweka alama na kukupigia simu. Nimewahi kupigiwa jioni kuulizwa kama mzee alisema Negomano au Namoto, vivuko viwili tofauti vilivyo mbali sana kimoja na kingine kwenye mto uleule, na msafara mzima wa watu anaousimulia yule mzee ulitegemea jibu hilo.

Kwa atakayekwenda: hufungua saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, Jumamosi mpaka saa 7 mchana, na Ijumaa wanafunga wakati wa swala. Leta orodha ya majina ya vijiji na watu maarufu wanaotajwa, hata kama ni ya kuandika kwa mkono. Omba dakika ziwekwe pembeni. Rekoda yako iwe nzuri. Wakikuta upepo umeifunika sauti wataandika "haisikiki" na hawatajaribu kubuni. Unalipa nusu mwanzoni na nusu siku ya kukabidhiwa, taslimu au kwa simu, na risiti ya EFD unapewa, kwa hiyo wahasibu wa chuo hawatakusumbua. Kama una saa za Kimakonde, zipeleke kabla ya Septemba kuisha.